Presha ya Mimba Huanzia Kwenye Kondo la Nyuma

  Akina mama, akina baba na akina nyanya mnaolea wajukuu, sogeeni karibu na redio, maana mazungumzo ya leo yanawahusu. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Leo tutazungumza juu ya presha ya mimba, ile ambayo ikizidi huleta kifafa cha mimba. Najua wengi mmesikia habari zake. Mmeambiwa mje kliniki mpimwe presha na mkojo. Lakini ni wachache walioelezwa ugonjwa huu unatoka wapi. Na watu wasipojua ugonjwa unatoka wapi, hutafuta mtu wa kulaumu.

Kabla sijaendelea, nina jambo la kuwaambia kutoka katika kazi yangu. Si jambo la kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa sijakaa muda mrefu tangu nimalize diploma yangu, nilikuwa katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kliniki ya wajawazito, na foleni ilikuwa ndefu hadi nje. Aliingia msichana wa miaka 19. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, ya miezi minane. Akaniambia, "Sista, kichwa kinaniuma tangu juzi." Mashine ya presha ilikuwa imeisha betri. Nilimpa dawa ya maumivu, nikaandika kwenye kijitabu chake, nikamwambia arudi Jumatatu. Sikumpima.

Jumamosi usiku akaanza kukakamaa na kutupa mikono na miguu. Nyumbani walidhani ni mapepo. Walichoma majani, wakamtia kijiko mdomoni, na walipopata gari kulikuwa karibu kupambazuka. Hospitalini aliokolewa, namshukuru Mungu. Lakini mtoto alikuwa tayari amefia tumboni.

Nilipoenda kumtembelea nyumbani, mama yake mzazi aliniuliza, "Mwanangu, sisi tulikosa nini?" Mama mkwe alikuwa na jibu lake: msichana ametoka kwao na laana. Mimi nilinyamaza. Nilijua namba za presha, lakini sikuweza kumweleza mzee yule kilichotokea ndani ya mwili wa binti yake. Basi nikarudi kwenye vitabu. Ninayowaambia leo ndiyo majibu ambayo ningempa siku ile.

KAZI YA KONDO LA NYUMA

Wengi wetu tumeliona kondo la nyuma. Mtoto akizaliwa, nalo hufuata, zito kama nusu kilo hivi. Katika nyumba nyingi huku kwetu huzikwa, na hatulifikirii tena. Lakini kwa muda wote wa mimba, hilo ndilo lililokuwa mapafu ya mtoto, tumbo lake na figo zake. Hewa yote na chakula chote cha mtoto hupitia hapo kutoka kwenye damu ya mama.

Kazi hiyo inataka damu nyingi. Mimba inapokaribia kukomaa, zaidi ya nusu lita ya damu ya mama hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Chukua ile pakiti ya maziwa ya nusu lita unayonunua dukani. Ni kama kumimina pakiti moja kila dakika, mchana na usiku.

Kabla ya mimba, mishipa ya damu inayoingia kwenye mfuko wa uzazi ni myembamba na imejizungusha. Haiwezi kupitisha damu yote hiyo. Kwa hivyo katika miezi ya kwanza, seli za kondo huingia kwenye kuta za mishipa hiyo na kuipanua, kama mkulima anavyopanua mfereji ili maji yafike shambani. Wakati huohuo, ndani ya kondo lenyewe, mishipa mipya ya damu ya mtoto huchipuka na kutawanyika kama mizizi ya mahindi. Kwa kawaida, mimba ikifika miezi mitano kazi ya kupanua njia huwa imefanyika kwa sehemu kubwa.

Kwa mama atakayepata presha ya mimba, mara nyingi kazi hiyo haikwenda vizuri. Njia zilibaki nyembamba. Kondo linapata damu kidogo kuliko linavyohitaji. Mama hajui, kwa sababu hakuna kinachomuuma. Anaendelea kupalilia, kuteka maji na kwenda sokoni kama kawaida.

UJUMBE, VIPOKEZI NA MAGETI YA NJIANI

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye jibu.

Mishipa ya damu haichipuki ovyo. Mwili hutuma ujumbe wa kuiambia ichipuke, na ujumbe huo ni protini zinazoitwa vichocheo vya ukuaji. Kinachojulikana zaidi ni kile kiitwacho VEGF. Mwaka wa 1989, mtafiti Napoleone Ferrara na mwenzake huko California, Marekani, walikitenga na kukipa jina hilo. Kondo la nyuma nalo hutoa kichocheo kingine cha jamii hiyohiyo, kinachoitwa PlGF.

Lakini kichocheo peke yake hakifanyi kitu mpaka kipokelewe. Juu ya kuta za mishipa ya damu kuna vipokezi. Kichocheo kikifika na kushikana na kipokezi chake, mshipa hupata habari: chipuka, kaa imara, legea, pitisha damu.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Wewe ni mkulima hapa Trans Nzoia. Lori la mbolea limetoka bohari na linakuja kwako. Shamba lako lina geti. Lori likifika getini linafunguliwa, mbolea inashushwa, mahindi yanapata nguvu. Mbolea ndiyo kichocheo. Geti ndilo kipokezi. Shamba ndilo mshipa wa damu.

Sasa fikiria mtu ametengeneza mageti mengi na kuyasimamisha barabarani, kutoka bohari hadi kwako. Nyuma ya mageti hayo hakuna shamba. Lakini dereva akiona geti anasimama na kushusha magunia. Lori linapofika kwako halina kitu. Mahindi yanageuka manjano, na kumbe mbolea ilitumwa.

Kondo linalokosa damu ya kutosha hufanya jambo kama hilo. Humwaga kwenye damu ya mama vipokezi ambavyo havikushikamana na mshipa wowote, vinavyoelea tu. Wataalamu huviita sFlt-1. Vipokezi hivi hunasa VEGF na PlGF njiani kabla havijafika kwenye mishipa. Kila mama mjamzito huwa na kiasi fulani cha vipokezi hivyo, na hilo halina ubaya. Taabu huja vinapozidi sana.

Mambo haya yalijulikana wazi mwaka wa 2003, pale daktari Ananth Karumanchi na wenzake mjini Boston, Marekani, walipochapisha matokeo yao. Walikuta vipokezi hivyo vimezidi katika akina mama wenye presha ya mimba. Kisha walipovizidisha katika panya wenye mimba, panya hao walipanda presha na figo zao zikaanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Mwaka uliofuata, 2004, yeye na wenzake walipima damu ya akina mama iliyokuwa imehifadhiwa tangu ujauzito wao. Waliona kwamba kwa wale waliougua, vipokezi vilianza kupanda kama majuma matano kabla ya dalili kuonekana.

Majuma matano, akina mama. Ni zaidi ya mwezi mzima mama anaendelea na kazi zake, na tatizo tayari limeanza ndani.

KWA NINI MWILI MZIMA UNAUGUA

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa shida iko kwenye kondo, mbona kichwa kinauma?

Ni kwa sababu mishipa ya damu ya mwili mzima huhitaji VEGF ili kubaki na afya. Ikinyimwa, hukaza na kuvuja. Ikikaza, presha hupanda. Kwenye figo, protini huvuja na kuingia kwenye mkojo, ndiyo maana tunawaomba mkojo kila mara. Kwenye ini, mama husikia maumivu chini ya mbavu, hasa upande wa kulia. Kwenye macho, huona giza au vimulimuli. Kwenye ubongo, kichwa huuma sana, na mwisho wake huja degedege. Hicho ndicho kifafa cha mimba.

Kuna jambo lingine linalotuonyesha ukweli wa haya. Ziko dawa za saratani ambazo huzuia VEGF makusudi, ili uvimbe ukose mishipa mipya ya kuulisha. Baadhi ya wagonjwa wanaozitumia hupanda presha na kutoa protini kwenye mkojo, hata kama ni wanaume. Kwa hivyo hapa hapana pepo, hapana laana, na si kwamba mama amefanya uovu. Ni mishipa iliyokosa ujumbe wake.

Yule mzee aliyeniuliza walikosa nini, jibu ni kwamba hawakukosa chochote. Aliyekosa siku ile ni mimi, niliyemwacha binti yake aende bila kupimwa.

MALARIA KWENYE KONDO

Wasikilizaji wa Bungoma, hapa pana neno lenu. Vidudu vya malaria hupenda kujificha ndani ya kondo la nyuma. Mama anaweza kupimwa damu ya kidoleni na malaria isionekane, na kumbe kwenye kondo imo. Mwaka wa 2006, watafiti waliofanya kazi Muheza, katika mkoa wa Tanga nchini Tanzania, walichapisha matokeo yanayogusa mada yetu. Kwa akina mama wa mimba ya kwanza waliokuwa na malaria kwenye kondo, walikuta vipokezi hivi vinavyoelea vimeongezeka, na waliona uhusiano kati ya malaria hiyo na presha kupanda.

Ndiyo maana katika kaunti zenye malaria ya mwaka mzima, Bungoma ikiwemo, mjamzito hupewa dawa ya SP, ile wengi mnayoiita fansida, kuanzia mimba ikiingia mwezi wa nne na kuendelea kila mwezi hadi ajifungue. Imeze palepale kliniki mbele ya muuguzi. Mama anayetumia septrini kila siku hapewi SP, kwa hivyo mwambie muuguzi dawa zote unazotumia. Kitale kuko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na SP haitolewi kwa kila mjamzito. Lakini hata huku malaria huja, na watu husafiri kwenda chini kwa jamaa. Kila mjamzito alale ndani ya neti yenye dawa, na akisikia homa aende kupimwa siku hiyohiyo.

NANI AKAE MACHO ZAIDI

Presha ya mimba inaweza kumpata mama yeyote. Lakini hawa wako katika hatari zaidi: mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyepata presha ya mimba awali, mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo kabla ya mimba, mwenye uzito mkubwa kupita kiasi, mwenye umri wa kupita miaka 35, na yule ambaye mama yake mzazi au dada yake aliwahi kuipata. Mama, waulize wazee wa kwenu. Kama kuna aliyeanguka kifafa akiwa mjamzito, tuambie siku ya kwanza ya kliniki.

Kwa mama aliye katika hatari kubwa, daktari anaweza kuagiza aspirini ya kiwango kidogo, ianze mapema kabla ya mimba kufika miezi mitano. Hiyo ni sababu moja ya kuja kliniki mapema, si kungoja mimba ionekane. Lakini usiende kununua aspirini mwenyewe dukani. Si kila mama anaihitaji, na kipimo chake si kile cha maumivu ya kichwa.

Madini ya kalsiamu nayo husaidia kupunguza hatari kwa akina mama ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo. Maziwa, maziwa mala, na omena zinazoliwa na mifupa yake ni vyakula vilivyo karibu nasi. Ukipewa tembe za kalsiamu kliniki, zimeze kama ulivyoelezwa.

NAMBA NA DALILI ZA KUKUMBUKA

Namba ya kwanza ni 140 juu ya 90. Presha ya mjamzito ikifika hapo au kupita, si ya kusubiri Jumatatu. Ikifika 160 juu ya 110, hiyo ni dharura, mama aende hospitali saa hiyohiyo.

Dalili ni hizi, na ningependa mtoto wa shule aliye hapo karibu akuandikie:

Moja, kichwa kuuma sana, na maumivu hayaishi.

Mbili, macho kuona giza, ukungu au vimulimuli.

Tatu, maumivu ya juu ya tumbo, chini ya mbavu.

Nne, uso na mikono kuvimba ghafla, hata pete haivuki kidoleni.

Tano, kupumua kwa shida.

Sita, mtoto kupunguza kucheza tumboni.

Mkiona hata moja kati ya hizi baada ya miezi mitano ya mimba, msingojee siku ya kliniki. Na msidhani mtu akijifungua amevuka. Presha hii inaweza kupanda au kuleta kifafa hata baada ya mtoto kuzaliwa, zaidi katika juma la kwanza, lakini hatari huendelea hadi majuma sita. Mzazi anayelalamika kichwa mtoto akiwa na siku nne, msimwambie ni uchovu. Mpelekeni akapimwe.

Mama akipata degedege nyumbani, mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu naye. Msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Msimnyweshe kitu. Msimchomee majani puani. Tafuteni gari mara moja, na mtu mmoja apige simu hospitali kuarifu kwamba mnakuja. Mama mwenye degedege hapandishwi boda boda, anaweza kuanguka.

Hospitalini atapewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Mwaka wa 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa juu ya dawa hii, uliohusisha zaidi ya akina mama 10,000 katika nchi 33. Ilionekana kwamba kwa akina mama wenye presha ya mimba, dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa kwa nusu na zaidi. Atapewa pia dawa ya kuteremsha presha. Lakini ugonjwa hauanzi kuisha kabisa mpaka kondo litoke, kwa sababu ndilo linalotoa vile vipokezi. Ndiyo maana wakati mwingine daktari huamua mtoto azaliwe kabla ya miezi tisa. Akina baba, mkiitwa kuambiwa hivyo, msichukue siku tatu kwenda kuuliza ukoo.

MASWALI YENU

Mama mmoja kutoka Webuye ameuliza kama chumvi ndiyo inayoleta presha ya mimba. Mama, chumvi nyingi si nzuri kwa afya, lakini si chumvi iliyosababisha ugonjwa huu. Mwanzo wake ni kwenye mishipa ya kondo. Ukiacha chumvi usidhani umejikinga na kwamba huna haja ya kliniki.

Mwingine wa Kiminini anasema miguu yake imevimba mimba ikiwa ya miezi saba, je, ni presha? Miguu ya wajawazito wengi huvimba jioni, hasa wakisimama sana, na inaweza kuwa kawaida. Lakini kwa macho tu huwezi kujua. Kapimwe. Na uso ukivimba asubuhi unapoamka, usikae nyumbani.

Nyanya mmoja wa upande wa Mlima Elgon anauliza kama kuna kipimo cha damu cha kuona vipokezi hivyo mapema. Ndiyo, nyanya, kipo. Uingereza hutumia vipimo vya aina hiyo, na Marekani iliidhinisha kimoja mwaka wa 2023. Lakini katika zahanati zetu, tunachotegemea ni mashine ya presha na ile karatasi ya kupimia mkojo. Ni vitu vya bei ndogo, na vinaokoa watu vikitumika kila mara.

Baba mmoja wa Chwele ameuliza kama mke wake, aliyepona mwaka jana, anaweza kuzaa tena. Anaweza. Lakini kwanza apumzike, mtumie njia ya uzazi wa mpango, na akitaka kubeba mimba amwone daktari mapema, ili aelezwe kuhusu ile aspirini. Tena aendelee kupima presha yake kila mwaka hata kama hana mimba, kwa sababu mwanamke aliyewahi kupata ugonjwa huu ana hatari zaidi ya kuugua presha na moyo miaka ya mbele.

NINALOWAOMBA

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla mimba haijapita miezi mitatu. Zile ziara za mwisho huwa karibu karibu, kwa sababu ndicho kipindi ambacho presha hii hupanda kwa wingi. Msione kama tunawasumbua. Kumbukeni yale majuma matano: ndani mambo yameanza, na nje mama anajisikia mzima. Mwili hauwezi kumwambia mapema. Mashine inaweza.

Kwa hivyo, mama, usiondoke kliniki kabla ya kupimwa presha na mkojo. Tazama kwenye kijitabu chako cha mama na mtoto kama namba zimeandikwa. Kama hazijaandikwa, uliza kwa adabu, "Sista, presha yangu ni ngapi leo?" Akikuambia mashine imeharibika, muulize ni kituo gani cha karibu chenye mashine, uende siku hiyohiyo. Hujamkosea heshima. Ungeniuliza mimi Ijumaa ile, ungenisaidia.

Pia mjue mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Tangu mwaka wa 2023 wahudumu hawa wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa, ikiwemo mashine ya presha. Muite akupime nyumbani kati ya kliniki moja na nyingine. Wale mnaoishi mbali, hasa miteremko ya Mlima Elgon na Cherang'any ambako mvua huharibu barabara, wekeni namba ya mwenye gari tayari, na pesa kidogo ya safari. Jiandikisheni na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, mkiwa bado na nguvu, msingoje siku ya uchungu.

Akina mama wakwe na akina nyanya, ninyi ndio mnaosikilizwa nyumbani. Msichana akisema kichwa kinamuuma, msimwambie enzi zenu mlivumilia. Mpeni mtu wa kumsindikiza.

Yule msichana wa Ijumaa alipata mimba tena baada ya miaka miwili. Alikuja kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Daktari alimwandikia aspirini, na tukampima kila alipokuja. Alipofikisha miezi minane na nusu presha ilipanda, akapelekwa hospitali siku hiyohiyo, akajifungua huko mtoto wa kike. Sasa mtoto huyo anaenda shule. Mama yake bado huleta jirani zake kliniki, na akifika mlangoni, hata kabla ya salamu, huniuliza, "Sista, mashine inafanya kazi leo?"

Nami hununua betri kabla hazijaisha.

 Mwenye kijitabu akichukue sasa hivi atazame namba ya mwisho ya presha yake. Na kama kwenu kuna mjamzito ambaye hakuwa karibu na redio, mweleze haya kabla hamjalala.